Uso Ukienda Upande, Nyoyo Zisiende Upande

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (SW), aliyemuumba mwanadamu na kulitengeneza umbo lake, akaujaalia uso kuwa mlango wa kujuana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Mtakuwa mmetambua kwamba safu hii haikuonekana kwa majuma saba. Wako waliotuma salamu kuuliza, na wako walioambiwa kuwa tumesafiri. Hatukusafiri. Tulikuwa nyumbani, na uso wetu ulikuwa umeenda upande. Tumeona ni haki yenu kupata jawabu, kwa kuwa maradhi haya yana mambo ambayo yafaa kila nyumba iyajue, na pia kwa kuwa yalitukumbusha deni la miaka minane ambalo sisi tulikuwa tumelisahau, ilhali mwenye kudai hakulisahau.

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Tuliamka kama ada yetu tukaenda kutawadha. Tulipotia maji kinywani ili tusukutue, yalitoka yenyewe upande wa kushoto yakateremka kidevuni. Tukadhani ni usingizi. Tukatia mara ya pili, yakatoka vilevile. Tulipoosha uso, maji yaliingia katika jicho la kushoto na jicho halikufumba. Hapo ndipo tulipomwita ahali yetu, na sauti iliyotoka haikuwa ile tuliyoikusudia. Alikuja na taa, akatutazama, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana, keti kwanza." Kisha akatuletea kioo, kwani tulimtaka alete.

Nusu ya uso ule ilikuwa yetu tunayoijua. Nusu ya pili ilikuwa imelala: paji limenyooka kama la mtoto mchanga, jicho limebaki wazi, shavu limelegea, na pembe ya mdomo imening'inia. Tulijaribu kutabasamu ili tumtulize mwenzetu. Nusu moja ilitii na nusu ya pili ikakataa, na tabasamu lile lilikuwa la kutisha zaidi kuliko kilio.

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umekwisha toa tafsiri zake. Wa kwanza alisema ni jini aliyetupiga kofi, kwa kuwa tulipita mahali fulani wakati wa magharibi. Wa pili alisema ni upepo wa feni tunayolala chini yake. Wa tatu alisema ni kijicho cha watu. Mmoja alishauri tupigwe shavuni kwa ndara ili jini arudishe alichokichukua, na mwingine akasema anamjua mtu achomaye kwa chuma cha moto. Wote hao walikuwa watu wema wenye kututakia heri. Hata hivyo, ndani ya kila tafsiri mlikuwa na swali ambalo halikutamkwa: je, Sheikh amefanya nini?

Mwanetu alitutia katika tuktuk akatupeleka hospitali. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanetu wa tatu. Alitutaka tunyanyue nyusi, tufumbe macho kwa nguvu, tuonyeshe meno, kisha tunyoshe mikono yote miwili mbele na kuibakisha hapo. Alitupima shinikizo la damu na sukari. Alitazama ndani ya sikio kuona kama mna malengelenge. Alipokwisha alisema, "Sheikh, hiki si kiharusi. Mshipa wa uso umevimba. Umewahi kuja mapema, na hilo ni jambo la heri."

Yafaa tueleze kidogo maana ya maneno yake. Kutoka ubongoni hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, na jozi ya 7 ndiyo inayoamrisha misuli ya uso, kila mshipa kwa upande wake. Mshipa huo hupita katika njia nyembamba ndani ya mfupa, karibu na sikio. Ukivimba hauna pa kupanukia, hivyo hubanwa na mfupa, na amri za ubongo hazifiki usoni. Ni kama nyumba yenye taa nzima na umeme upo mtaani, lakini waya wa katikati umebanwa. Sababu ya kuvimba huko matabibu hawajaikata kwa yakini. Wengi wao hudhani ni virusi vilivyolala mwilini kwa muda mrefu kisha vikaamka. Maradhi huja kwa ghafla, aghalabu katika muda wa siku moja au mbili. Huweza kutanguliwa na maumivu nyuma ya sikio, huweza kuipoteza ladha ya chakula, na huweza kuifanya sauti ya kawaida iwe kelele sikioni. Kwetu sisi hata adhana tuipendayo ilikuwa ikituumiza sikio la kushoto kwa siku kadhaa.

Maradhi haya humpata mtu wa umri wowote, mume au mke. Wenye kisukari hupatwa zaidi. Akina mama nao wayasikie haya vizuri: wajawazito walio katika miezi mitatu ya mwisho, na waliojifungua karibuni, hupatwa zaidi kuliko wanawake wengine. Mzazi aliye arubainini akiamka na mdomo umeenda upande, asiambiwe kwamba alitoka nje bila ya kisu au alikaa bila ya ubani. Apelekwe hospitali.

Na apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa kiharusi nacho hupinda mdomo, na kiharusi hakisubiri. Ikiwa mkono au mguu umelegea, au maneno yamechanganyika, au kichwa kinauma kwa namna isiyokuwa na kifani, basi kila saa ina thamani. Daktari hutazama mengi, miongoni mwayo likiwa ni paji la uso. Katika kiharusi, mara nyingi mgonjwa huweza kulikunja paji ingawa mdomo umepinda. Katika maradhi yetu, paji nalo hulala. Lakini jambo hili si la kupimwa na jirani barazani. Sababu ya pili ni kuwa iko dawa ya kupunguza uvimbe, ya jamii ya steroidi, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 za mwanzo. Dawa hiyo hupandisha sukari na ina masharti yake, kwa hivyo haifai kununuliwa dukani kwa kuambiwa na mtu. Anayezimaliza siku tatu kwa kutafuta jini, huenda akawa ameipoteza fursa hiyo.

Daktari alitupa pia bishara. Kwa hesabu za matabibu, takriban wagonjwa 7 katika kila 10 hupona kabisa hata bila ya dawa, na kwa dawa ya mapema idadi hiyo huongezeka. Wengi huanza kuona dalili za kupona katika majuma matatu. Wachache hubaki na athari, na wachache hurejewa na maradhi baada ya miaka. Alisisitiza jambo moja kuliko yote: jicho. Jicho lisilofumba hukauka, na likikauka hupata kidonda, na kidonda huweza kuleta upofu. Kwa hivyo tulitiwa machozi ya dawa kila baada ya muda mfupi mchana, na usiku jicho likapakwa mafuta yake na kufungwa kwa plasta. Uso hurudi, alisema, lakini jicho likiharibika huenda lisirudi.

Ndugu wasomaji, maradhi haya si mageni kwa umma huu. Kwa Kiarabu huitwa *laqwa*, na jirani zetu wenye asili ya Kihindi huyajua kwa jina hilohilo. Wazungu huyaita kwa jina la tabibu wa Scotland, Charles Bell, aliyeandika kuhusu mishipa ya uso mwaka 1821. Lakini karne nyingi kabla yake, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu Mwislamu wa mji wa Rayy, alikwisha eleza habari za *laqwa* katika maandishi yake yaliyokusanywa kwa jina la al-Hawi, akiwatazama wagonjwa wake na kupambanua dalili zao. Ibn Sina naye akaliandikia katika Qanun. Wataalamu hao hawakuona kwamba kuamini ghaibu kunamzuia tabibu kuitafuta sababu mwilini.

Na iko habari iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Imam Malik, katika kitabu chake Muwatta, amepokea kutoka kwa Nafi' kwamba Abdullah bin Umar (RA) alijitibu kwa kuchomwa moto kwa sababu ya *laqwa*. Na tuzingatie ni nani huyu. Ni mtoto wa Khalifa wa pili, ni sahaba aliyejulikana kwa kufuata nyayo za Mtume (SAW) hata katika mambo madogo. Uso wake ulipinda. Je, yuko Mwislamu atakayethubutu kuuliza Ibn Umar alifanya nini hata akapigwa? Hatukuletewa habari kwamba alijificha, wala kwamba watu walimsengenya. Tumeletewa habari kwamba aliugua na akatafuta dawa ya zama zake. Moto ndio uliokuwa dawa wakati ule, na Mtume (SAW) mwenyewe hakuupenda kwa umma wake. Leo Mwenyezi Mungu ametufungulia dawa nyingine, na mwenye kumfuata Ibn Umar amfuate katika kutafuta tiba, si katika kutafuta chuma.

Hatusemi kwamba dua na ruqya ziachwe. Sisi tulijisomea Fatiha na Mu'awwidhatayn kila asubuhi na jioni, na bado tunasoma. Tunachosema ni kuwa kisomo hakigombani na kidonge, na kwamba kumpachika mgonjwa jini asilolijua ni kumwongezea maradhi ya pili.

Sasa tuje katika lile la deni.

Katika siku za mwanzo tulijifungia. Hili tunalikiri kwa haya. Sisi tuliozoea kuwausia watu subira juu ya mimbari, tuliwaambia watoto waseme tumesafiri. Tulikuwa tukila peke yetu, kwa sababu chakula kilibaki shavuni na uji ulimwagika juu ya kanzu. Uimamu tuliuacha, na hilo lilikuwa kwa haki ya sharia: Fatiha ni nguzo ya sala, na ndani yake mna *ba* na *mim* na *waw*, herufi za midomo, ambazo hazikuwa zikitoka sawasawa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mwenye kubadilisha herufi hamswalishi mwenye kuisoma vizuri. Lakini kuacha kwenda msikitini kabisa hakukuwa sharia. Kulikuwa ni kiburi kilichovaa nguo za unyonge.

Waliotutoa ni watu. Wazee wa baraza la kahawa walikuja siku ya tano, wakaketi ukumbini, wakaanza mazungumzo yao yaleyale ya bei ya samaki na mvua iliyochelewa. Walipomiminiana kahawa, mmoja wao alitutilia kikombe nusu, akatupa na kitambaa bila ya kusema neno, akaendelea na hadithi yake. Walitungoja tumeze kisha wakangoja jawabu letu, hata likiwa refu kutoka. Siku ya Ijumaa walitupitia nyumbani, wakatuweka safu ya kwanza kati ya wawili wao. Wanafunzi wetu wa darsa walileta vitabu wakasema, "Maalim, sisi tutasoma, wewe utasahihisha kwa kidole." Ahali yetu aliamka kila usiku kutazama kama plasta ya jicho imebanduka. Katika haya yote hapakuwa na hotuba hata moja ya subira, na hatukuihitaji.

Katika juma la pili alikuja mgeni ambaye hatukumtarajia, pamoja na mumewe. Alikuwa ustadha aliyewahi kufundisha watoto wadogo katika madrasa ambayo sisi tulikuwa, na bado tumo, katika kamati yake. Miaka minane iliyopita, siku chache baada ya kujifungua mtoto wake wa pili, uso wake ulienda upande wa kulia. Alipotoka arubainini alirudi darasani. Watoto wawili watatu walimcheka na wengine wakaogopa. Mzazi mmoja akaja kwenye kamati akasema hataki mwanawe akae na mtu aliyeingiliwa. Sisi na wenzetu tulikaa kikao kifupi. Tukamwandikia barua yenye adabu nyingi, tukamshukuru, tukamwambia apumzike mpaka afya yake itengemae. Nafasi yake tukampa mwingine. Hatukwenda kumtazama. Hatukuuliza tena.

Aliketi kitako kando ya ahali yetu, nikabu ameiinua kwa kuwa mumewe alikuwa na sisi tumekaa upande wa pili wa pazia, akaanza kumweleza mambo moja baada ya moja, nasi tukisikia. Uji na maji yanywewe kwa mrija, upande mzima. Mkate ulowekwe. Baada ya kula, kidole kipitishwe ndani ya shavu. Plasta ya jicho ivutwe kutoka juu kuteremka, jicho likiwa limefumbwa kwa mkono kwanza. Misuli ikianza kuamka, mazoezi yafanywe mbele ya kioo, polepole, bila ya kukaza kwa nguvu. Mgonjwa asihesabu siku, ahesabu majuma.

Tulipopata ulimi tulimwuliza, kutoka nyuma ya pazia, kama wakati ule alikosa dawa. Akajibu, "La, Maalim. Dawa niliipata. Nilikosa watoto wangu."

Hakuongeza neno, na sisi hatukuwa na neno. Tulikumbuka kwamba mwanamke huyu hakuwa akiswalisha watu. Alikuwa akiwafundisha watoto wa miaka sita kuandika *alif* na *ba*, kutawadha, na sira ya Mtume wao (SAW). Ulimi wake ulikuwa umekaa sawa kabla ya mwezi wa pili. Tuliloliogopa halikuwa sharia bali maneno ya mzazi mmoja. Sisi tulipopinda uso, tulishikiwa mahali petu. Yeye alipopinda, mahali pake tulipagawa.

Tulimwomba radhi pale pale mbele ya mumewe, na baada ya siku chache tukawaeleza wenzetu wa kamati, ambao nao walikwenda kumwomba radhi. Tulimtaka arudi. Alitushukuru, akasema hatarudi, kwani siku hizi ana chuo kidogo nyumbani kwake na wasichana walio zaidi ya ishirini. Hilo ni haki yake. Sisi tumempelekea mjukuu wetu wa kike akasome kwake, na hatudai kwamba deni limekwisha.

Wasomaji wetu, hasa akina mama, ambao katika miji yetu ndio wenye kushika mazoea ya kuzuru wagonjwa, tunawaomba tuyazingatie mambo machache.

Kwanza, tumwangalie mgonjwa usoni. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka. Mwenye kupooza uso ni fakiri wa sadaka hiyo. Ameishiwa na cha kutoa. Basi tumpe sisi, wala tusimdai. Akizungumza bila ya kutabasamu tusidhani amenuna, na jicho lake likitoa machozi tusidhani analia. Tukumbuke kwamba Mwenyezi Mungu (SW) aliteremsha sura nzima inayoanza kwa habari ya uso uliokunjwa mbele ya Ibn Ummi Maktum (RA), ilhali Ibn Ummi Maktum alikuwa kipofu, hakuuona. Ikiwa uso mbele ya asiyeona una hesabu, itakuwaje mbele ya anayeona na anayejua kwa nini tumetazama kando?

Pili, tuzuie ndimi. Katika Suratul Hujurat Mola wetu amekataza watu kuwadharau watu, kisha akawataja wanawake peke yao, kwa kuwa maneno ya ukumbini huchoma kuliko ya sokoni. Kuuliza "umetenda nini?" au kusimulia habari ya fulani aliyepinda mpaka akafa, si kumzuru mgonjwa. Watoto nao wafundishwe. Mtoto akicheka hana kosa. Kosa ni la mkubwa aliyemsikia akanyamaza.

Tatu, tulete msaada ulio kazi. Kumpikia, kumfulia, kumchukulia watoto asubuhi, kumpeleka kliniki, kumtia dawa ya jicho. Mama mwenye mtoto mchanga na jicho lisilofumba hahitaji mawaidha saa nane za usiku. Ahitaji mtu wa kushika mtoto.

Nne, tuwaambie waume. Mke aliyepinda uso ni yuleyule uliyemwoa. Tumesikia habari za wanaume waliohama chumba, na wengine waliotishia kuoa kwa sababu hiyo tu. Muungwana hukaa karibu zaidi siku ile mkewe anapoogopa kioo. Na mke naye, ikiwa ni mwenye kuvaa nikabu, aivae kwa ajili ya Mola wake kama alivyokuwa akiivaa. Ikiwa hakuwa akiivaa na sasa ameitafuta ili ajifiche hata kwa mama yake na dada zake, basi jamaa zake wajue kwamba moyo wake unaumwa kuliko uso, wamkaribie.

Tano, kuhusu ibada. Maji yakimwagika wakati wa kusukutua, udhu hauna dosari, kwani kusukutua ni suna. Plasta ya usiku hubanduliwa kwa ajili ya udhu. Ikiwa tabibu amekataza isibanduliwe, ziko hukumu za mwenye bendeji, naye amwulize mwanachuoni aliye karibu naye. Katika sala yake mwenyewe husoma kwa kadiri ya uwezo wake, na sala yake ni sahihi. Na anayeona uzito kuisoma Qur'ani kwa mdomo usiotii asiiache: tumefundishwa na Mtume (SAW) kwamba anayesoma kwa taabu ana ujira maradufu. Sisi tuliisoma Suratul Fatiha mara nyingi katika majuma yale kwa *mim* iliyochechemea, na tunatumai.

Leo, tunapoandika haya, jicho linafumba, alhamdulillah. Maji ya udhu yanabaki kinywani. Pembe ya mdomo bado huchelewa kidogo tunapocheka, na wajukuu wameigundua, huiangalia kama wanavyoiangalia saa ya ukutani. Ustadha naye mpaka leo ana athari ndogo upande wake wa kulia, na wanafunzi wake wanampenda vivyo hivyo. Nabii Ayub (AS) alipoguswa na dhara alimtajia Mola wake hali yake na rehema zake, akanyamaza. Wala Mwenyezi Mungu hakumrudishia afya peke yake. Alimrudishia na watu wake. Tuombe tusiwe sisi ndio tuliopungua katika kurudi huko.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu uponyaji usiobakisha maradhi. Wape subira waliobaki na athari. Tusamehe tuliowafunga mlango wenzetu siku ambayo walikuwa wanauhitaji uwe wazi, na utupe umri wa kuufungua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.